Shahada ya uhandisi mitambo: ada ni kipande kidogo cha bei yake

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali moja huzunguka Tanga nzima. Mzazi wa Ngamiani, wa Pongwe au wa Muheza ambaye kijana wake amefaulu PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, anauliza: uhandisi mitambo, chuo gani kina ada nafuu? Ni swali la haki, maana fedha haiokotwi njiani. Lakini linapima kipande kidogo cha gharama ya shahada hii na haligusi kabisa thamani yake. Mtu akichagua chuo kwa swali hilo peke yake, anaweza kuokoa laki mbili na kupoteza miaka mitatu.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari.

Kwa Mtanzania anayeingia chuo cha umma, kiwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambako kitivo cha uhandisi kilianza mwaka 1973, au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) kule Mbeya, ada ya shahada ya uhandisi kwa mwaka huangukia kati ya shilingi milioni moja na milioni mbili. Tuchukue milioni moja na nusu kwa ajili ya mfano. Kwa miaka minne ni milioni sita. Hapo ndipo mazungumzo mengi ya familia huishia. Milioni sita inaandikwa juu ya karatasi, baba anakuna kichwa, mjomba anapigiwa simu.

Sasa tuandike mstari wa pili, wa kula na kulala. Tangu 2022 Bodi ya Mikopo imemwekea mwanafunzi shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali. Chukua siku 240 za masomo kwa mwaka: milioni mbili na laki nne. Kwa miaka minne ni milioni tisa na laki sita. Maana yake sahani na kitanda vimeipita ada kwa milioni tatu na laki sita, na bado hatujanunua kompyuta, buti za karakana, wala tiketi ya basi kutoka stendi ya Kange kwenda chuoni na kurudi kila likizo.

Ukishauona mstari huo, hoja ya ada nafuu inabadilika sura. Chuo kinachotoza laki mbili pungufu kwa mwaka kinakuokolea laki nane kwa miaka minne. Lakini kama hakina mabweni ya kutosha, na kijana akapanga chumba cha shilingi 50,000 zaidi kwa mwezi kwa miezi kumi ya mwaka, amekwisha toa milioni mbili. Ule unafuu umeliwa na mwenye nyumba, na zaidi ya milioni moja imetoka mfukoni. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ada, uliza kitanda.

Mstari wa tatu wazazi hawapendi kuuandika, nao ni wa mwaka unaorudiwa. Wanafunzi wana maneno yao: sapu, yaani kurudia mtihani; kari, kubeba somo hadi mwaka unaofuata; disko, kuondolewa chuoni. Uhandisi mitambo una masomo yanayochuja watu: thamodainamiki, mekanika ya vimiminika, uimara wa vifaa, na hisabati inayopita kote humo. Mwaka mmoja ukirudiwa, kwa mfano wetu, ni karibu milioni nne nyingine juu ya gharama, pamoja na mwaka mzima wa mshahara uliochelewa. Kijana aliyepata pasi ya kuponea kwenye hisabati na akasukumwa uhandisi kwa sababu jina linapendeza, shahada yake itakuwa ghali popote atakapoisomea. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu mkopo nataka kusema wazi, maana naona watu wanauogopa kuliko unavyostahili. Tozo ya asilimia sita ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni lizidi kila mwaka, iliondolewa 2021. Adhabu ya asilimia kumi nayo ikafutwa. Leo mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Tuseme kijana anadaiwa milioni 14 na analipwa laki tisa kwa mwezi. Makato ni 135,000, na deni linakwisha katika miaka minane na miezi kadhaa. Ni makato yanayouma, tena huuma zaidi kwa anayeanza maisha. Hata hivyo sijui benki wala mkopeshaji wa mtaani atakayekupa milioni 14 kwa masharti hayo. Mzazi anayeuza shamba la minazi ili kukwepa mkopo huu anauza kitu kinachozaa ili alipe deni ambalo limeacha kuzaa.

Hayo ni ya gharama. Thamani ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike.

Hapa kwetu neno mhandisi lina sheria yake. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, na mtu hajiiti mhandisi kwa kuwa tu ana cheti ukutani. Akihitimu anasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha anafanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu, akijaza taarifa za kazi zake. Bodi ina mpango maalumu wa mafunzo hayo tangu 2003. Baada ya hapo ndipo anaomba kuwa mhandisi mtaalamu, yule ambaye sahihi yake kwenye mchoro ina uzito. Safari yenyewe basi si ya miaka minne. Ni minne na mitatu, na inaanza tu kama shahada ile imetambuliwa.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa chuo chochote, kiwe cha umma au cha binafsi, cha Mbeya au cha Bangalore, linapaswa kuwa hili: wahitimu wa programu hii, kwa jina lake hili, wanasajiliwa na ERB? Nasisitiza kwa jina lake, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali kabisa na programu moja ndani yake ikawa na matatizo. Namfahamu kijana wa Chumbageni aliyerudi kutoka nje na shahada ya miaka mitatu iliyoandikwa teknolojia ya uhandisi. Familia ilikuwa imechangishana kwa miaka yote hiyo. Aliporudi akaanza kuzunguka na vyeti vyake akiulizwa maswali ambayo wakala aliyempeleka hakuwahi kuyataja. Kijana ana akili nzuri na mikono mizuri. Kilichokosekana ni barua moja ya kuuliza kabla ya kulipa.

Kwa wanaofikiria kusoma nje ya nchi, kipo kipimo ambacho mawakala wa vyuo hawakisemi. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989 yanaziunganisha taasisi za uhandisi za nchi mbalimbali zinazokubaliana kutambua ubora wa shahada za kila mmoja. Marekani, Uingereza na Australia zimo tangu mwanzo. Afrika Kusini iliingia 1999, India 2014, China 2016. Tanzania haimo. Sasa tazama mtego: India kuingia hakumaanishi kila shahada ya India imeingia. Zinazohesabika ni programu zilizothibitishwa na bodi yao ya ithibati kwa daraja la kwanza, na vyuo vya India ni maelfu. Marekani vilevile, ithibati ya shahada ya uhandisi na ithibati ya teknolojia ya uhandisi hutolewa na tume mbili tofauti ndani ya shirika moja la ABET. Majina yanafanana kiasi kwamba mzazi aliyekaa Raskazone hawezi kuyatofautisha kwa kusoma kipeperushi.

Ujerumani husifiwa kuwa ni bure. Ni kweli kwamba vyuo vingi vya umma kule havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo cha ufundi cha Munich kimeanza ada zake 2024. Lakini hata pale pasipo na ada, ili kupata viza mwanafunzi huonyesha akaunti iliyofungiwa euro 11,904 kwa mwaka mmoja. Kwa thamani ya shilingi ya miaka hii ni zaidi ya milioni 30. Kwa mwaka mmoja tu! Fedha hiyo inasomesha vijana wawili uhandisi hapa nyumbani kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa nne, kula na kulala ndani yake. Mwenye ufadhili aende, tena aende haraka, maana ni nchi iliyobobea katika mitambo. Asiye na ufadhili naomba atulie. Shahada ya kwanza aisome hapa, na ya pili, ambayo ufadhili wake ni mwingi zaidi, akaifuate huko.

Nirudi Tanga, kwa sababu thamani ya fani hii huwezi kuipima bila kutazama mitambo iliyopo.

Pale Pongwe, tanuru la saruji huchoma mawe ya chokaa hadi kufikia nyuzi 1,450 hivi. Ni bomba kubwa la chuma linalozunguka polepole, limelalia roli zake, ndani limejengwa matofali ya kuhimili moto. Likisimama bila kupangwa, kila saa ni hasara. Hale, kwenye mto Pangani, kuna mitambo ya umeme wa maji ya megawati 21, na chini yake kidogo, kwenye mto huohuo, New Pangani Falls megawati 68. Kuna mashamba ya mkonge yenye mitambo ya kuchakata majani, mashine zenye visu vinavyopiga siku nzima katika maji na utomvu unaokula chuma. Kuna bandari iliyochimbwa kina na kuongezewa gati. Na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa huganda. Kwa hiyo bomba hilo limefunikwa na kupashwa joto lote, ili mafuta yabaki karibu na nyuzi 50 toka mwanzo hadi baharini, huku vituo vya pampu vikiyasukuma.

Mtu akiniuliza thamodainamiki ina faida gani, namwonyesha Chongoleani. Joto linapotea kiasi gani kwa kila mita ya bomba? Pampu itumie nguvu kiasi gani mafuta yakipoa kwa nyuzi tano? Haya ni maswali ya mwaka wa pili chuoni, na wilaya ya Tanga sasa inayo kwenye udongo wake.

Lakini hapa ndipo vyuo vinapotengana, na wala si kwa ada. Meneja wa matengenezo katika kiwanda hatafuti mtu anayejua kanuni ya mtetemo pekee. Anatafuta mtu atakayeweka mkono kwenye nyumba ya beringi, asikie kuna jambo, apime, halafu aseme shafti imepinda au haikulinganishwa na mota. Ujuzi huo unatokana na saa za karakana. Mzazi akienda kuangalia chuo, asivutiwe na geti na bustani. Aombe kuonyeshwa karakana. Mashine za kukereza ngapi zinafanya kazi leo, si ngapi zipo? Wanafunzi wangapi kwa mashine moja? Mwanafunzi anachomelea mwenyewe au anamtazama mwalimu kwa mbali akiwa na wenzake arobaini? Maabara ya vimiminika ina pampu inayozunguka au ina pampu iliyopakwa rangi? Chuo kinachoona aibu kujibu kimekwisha jibu.

Ushahidi mwingine ni mafunzo kwa vitendo, PT. Katika shahada ya miaka minne mwanafunzi hupata vipindi kadhaa vya wiki kadhaa kila kimoja, wakati wa likizo ndefu. Kijana aliyevitumia vyote Pongwe, Hale na bandarini anatoka chuoni akiwa tofauti kabisa na mwenzake aliyemaliza PT yake akipiga fotokopi katika ofisi fulani ili agongewe muhuri. Shahada ni ileile, chuo kilekile, ada ileile, na thamani imegawanyika vipande viwili. Hakuna jedwali la kulinganisha vyuo litakalokuonyesha tofauti hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote katika makala haya. Kwa mtoto wa Tanga ambaye familia yake haina akiba kubwa, njia yenye thamani zaidi mara nyingi haipiti kidato cha sita. Inapita stashahada.

Fuata hesabu. Kijana wa kwanza amemaliza kidato cha nne, anasoma kidato cha tano na sita, miaka miwili, kisha shahada miaka minne. Jumla sita. Kijana wa pili ametoka kidato cha nne akaenda stashahada ya uhandisi mitambo kwa miaka mitatu, Arusha, Mbeya au DIT, kisha akaingia shahada na kuisoma miaka minne mizima. Jumla saba. Tofauti ni mwaka mmoja tu, na mwaka huo mmoja umenunua nini? Mwishoni mwa mwaka wa tatu kijana wa pili tayari ni fundi sanifu. Anaweza kusimama hapo, afanye kazi miaka miwili kiwandani, asaidie nyumbani, kisha arudi kwa fedha yake. Baba akiugua, mkopo ukikataliwa, au hisabati ya mwaka wa pili ikimshinda, hajarudi mikono mitupu. Kijana wa kwanza safari yake ikikatika katikati, alichonacho ni cheti cha kidato cha sita.

Upande wa pili pia una hoja, na nitaitaja kwa uzito wake. Kidato cha tano na sita katika shule za Serikali hakina ada tangu 2022, na kinafungua milango mingi: kijana akibadili mawazo anaweza kwenda udaktari wa mifugo au takwimu kulingana na masomo yake. Stashahada inamfunga mapema. Pia ushindani wa nafasi za shahada kwa wenye stashahada ni mkali, na anayehitimu kwa alama za chini anaweza kubaki nje. Lakini gharama, iliyokuwa hoja kubwa dhidi ya njia hii, imepungua makali. Katika bajeti ya 2023/24 Serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanaochaguliwa kuingia vyuo vya ufundi vya DIT, MUST na Arusha, na mwaka huohuo mikopo ikaanza kutolewa kwa baadhi ya fani za stashahada. Milango imefunguliwa, na bado kwenye vikao vyetu vya familia stashahada inazungumzwa kama adhabu ya aliyefeli.

Dharau hiyo inatugharimu. Imekaa mizizi katika mji ambao ulikuwa na karakana ya reli tangu enzi za Wajerumani, mji ambao mafundi wake wa mkonge na saruji walijulikana. Vijana wanaosoma Tanga Ufundi wanaanza kushika tupa na kupima kwa kaliba wakiwa kidato cha kwanza. Hao ni nusu ya njia kabla wenzao hawajaanza, halafu wazazi tunawashauri wakimbilie PCM ili wasionekane mafundi. Kiwanda kinamhitaji mhandisi mmoja na mafundi sanifu kadhaa nyuma yake. Sisi tunazalisha vijana ambao wote wanataka kuwa yule mmoja, kisha tunashangaa wanapokaa mtaani miaka miwili wakisubiri tangazo la ajira za Utumishi.

Kuna vyuo vya binafsi pia, na ada zake kwa kawaida zinavizidi vya umma. Sivikatai. Kama chuo cha binafsi kimetambuliwa, kina karakana inayofanya kazi na kina mkataba wa kweli na viwanda wa kupokea wanafunzi wa PT, ada ya juu inaweza kuwa na haki yake. Kama hakina hivyo vitatu, hata kikitoza nusu ya chuo cha umma bado ni ghali.

Mzigo mwingine si wa mzazi wala chuo. Ni wa viwanda vya hapa. Mwanafunzi wa Tanga anayesoma Mbeya au Dar es Salaam angependa afanye PT nyumbani, alale kwa mama yake, ale chakula cha nyumbani. Kwa wiki nane, kwa kiwango cha Bodi ya Mikopo, hiyo peke yake ni zaidi ya nusu milioni ambayo familia haitaitoa. Lakini nafasi hupatikana kwa kumjua mtu. Barua hukaa mapokezi, simu hupigwa, mjomba anayefanya kazi ndani ndiye anayeamua. Asiye na mjomba huenda akapiga fotokopi.

Halmashauri ya Jiji ina uwezo wa kuliondoa hilo bila bajeti kubwa. Ivikutanishe viwanda, bandari, mitambo ya umeme, mashamba ya mkonge na waendeshaji wa bomba, kila mmoja ataje nafasi zake za PT za mwaka kwa idara: matengenezo, uzalishaji, umeme wa mitambo, usalama. Orodha ibandikwe Januari, maombi yafungwe Machi, majina yatoke Mei kabla vyuo havijafunga. Na anayepokelewa apewe fundi mmoja wa kumsimamia, mwenye jina, atakayetia sahihi taarifa yake ya kila wiki baada ya kuisoma.